Pampu ya kupandisha maji ya chumvi hadi tangi la samaki ghorofani: nichukue ipi?

Kolekole_Mbezi
Wakuu habari za jioni.

Nina tangi la samaki wa baharini, lita 350, liko sebule ya juu, ghorofa ya kwanza. Maji nachota baharini, yanaletwa na pikapu na kuhifadhiwa kwenye simtanki la lita 500 nyuma ya nyumba, chini. Kila baada ya wiki mbili nabadilisha lita 60 mpaka 80. Mpaka sasa yanapanda kwa ndoo na madumu, ngazi zimejaa madoa ya chumvi na mama watoto ameshasema neno lake.

Kariakoo nimeoneshwa pampu mbili. Ya kwanza ya kuzamisha, boksi limeandikwa H.max 3 m, Q.max 3000 L/h. Muuzaji anasema hiyo ndiyo ya samaki kabisa. Ya pili ni ile ya kawaida ya kusukuma maji ya nyumba, nusu hosipawa, H.max 35 m, Q.max 35 L/min. Hii anasema inafika hata ghorofa ya tano.

Kutoka ardhini hadi sakafu ya juu ni mita 3.2, na ukingo wa tangi uko mita 1.5 juu ya sakafu hiyo. Bomba litapita nje ya ukuta, jumla kama mita 10. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mzee_wa_Dumu
Lita 80 ni madumu manne tu kijana. Dumu la lita 20 la maji ya bahari ni kilo 20 na nusu. Unapanda ngazi mara nne, kazi imekwisha, umeme haujaliwa na pampu haijaoza. Siku hizi mashine kwa kila kitu.

Kolekole_Mbezi
Shikamoo mzee wangu. Mgongo ndio umegoma, siyo mimi 😄

Fundi_Presha
Mkuu, zote mbili ziache hapohapo dukani.

Nianze na ya kwanza. Hizo namba mbili za kwenye boksi hazitokei kwa wakati mmoja. Q.max ni maji yanayotoka mpira ukiwa umelala chini, bila kupanda popote. H.max ni urefu ambao maji yanafika na kusimama, halitoki hata tone. Kwako, simtanki likiwa limejaa, maji yatapanda ndani ya bomba, yapite sakafu ya juu, yasimame sentimita 70 chini ya ukingo wa tangi yakikutazama. Na kadiri simtanki linavyopungua ndivyo yanavyozidi kushuka.

Sasa hedi yako halisi, yaani urefu ambao pampu inatakiwa kunyanyua maji. Mafundi wengi wanapima kutoka pale pampu ilipokaa, siyo sahihi. Pima kutoka uso wa maji chini hadi mdomo wa bomba unakomwagia juu. Simtanki likijaa, maji yana kina kama cha mita 1, kwa hiyo 3.2 + 1.5 − 1 = mita 3.7. Likikaribia kuisha ni mita 4.5. Chukua hiyo kubwa, maana hutaki pampu inayogoma ukiwa katikati ya kazi. Ukiona uvivu kupiga hesabu, funga jiwe kwenye kamba, ishushe dirishani, pima kamba.

Halafu kuna msuguano wa bomba, na hapa ndipo watu wanapoliwa. Tuseme unataka lita 20 kwa dakika kwenye bomba la mita 10. Ukitumia mpira wa nusu inchi unapoteza kama mita 6.7 za hedi, yaani zaidi ya urefu wa nyumba yenyewe. Robo tatu unapoteza kama sentimita 87. Inchi moja, sentimita 23. Pampu ni ileile, maji ni yaleyale, kilichobadilika ni tundu. Halafu kuna elbo. Elbo moja ya robo tatu ihesabu kama nusu mita ya bomba hivi.

Kwa robo tatu na elbo chache unafika mita 5.5. Tafuta pampu yenye H.max ya mita 8 hadi 10, kisha angalia ule mchoro wa mstari unaoinama ubavuni mwa boksi: kwenye mita 5.5 inatoa lita ngapi? Hiyo ndiyo namba yako. Boksi lisilo na mchoro mimi silinunui.

Jodari255
Fundi, umesahau maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bomba. Si yatapanda kidogo zaidi?

Fundi_Presha
Sijasahau. Pampu ya impela, lile panga linalozunguka na kusukuma maji, inanyanyua mita zilezile, iwe maji ya chumvi au ya bomba. Kinachoongezeka ni kazi ya mota, kama asilimia 2.5 hivi, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Mota nzima hata haisikii.

Mwani_Tanga
Fundi kamaliza upande wa presha. Mimi nije kwenye ile ya pili, ya nusu hosipawa, kwa sababu naona bado inamvutia mwenye uzi.

Kaka, ile kazi ya presha itaifanya vizuri tu. Tatizo ni kilicho tumboni mwake. Pampu nyingi za aina hiyo mwili ni chuma cha kuvalishwa rangi na impela ni shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Hata zenye heshima kama Pedrollo PKm 60 impela yake ni hiyohiyo. Kwa maji ya kuoga hakuna neno. Kwa maji ya bahari chuma kinaliwa, na shaba inaingia kwenye tangi lako kidogo kidogo.

Samaki wenyewe wanaweza kuvumilia. Wasioweza ni kamba, konokono, kaa na matumbawe. Wanaofuga samaki wa bahari wanajua dawa ya ugonjwa wa madoa meupe ni shaba, miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita, na sharti la kwanza ni kumtibu samaki kwenye tangi la pembeni, kwa sababu kiasi hichohicho kinachoua vimelea kinaua kila kiumbe kisicho na uti wa mgongo. Halafu shaba inajibana kwenye mawe na mchanga. Kuitoa ni shughuli pevu.

Stenlesi nayo isikudanganye kwa kung'aa. 304 inatoboka vidoti vidoti kwenye maji ya bahari. 316 ni afadhali, lakini maji yakisimama ndani yake, kwenye skrubu na chini ya sili, nayo inaanza. Unachotaka ni plastiki kila mahali maji yanapopita, shafti ya seramiki, na sumaku ndiyo izungushe impela, ili pasiwe na shafti ya chuma inayopenya kutoka kwenye mota.

Kaka, una matumbawe humo au samaki tu?

Kolekole_Mbezi
Nina kamba wawili, konokono, na matumbawe laini kidogo. Kwa hiyo ya nusu hosipawa imekufa. Dada ahsante sana, ningeua viumbe wa watu.

Fundi, bomba je? Nyumba nzima nimetumia PPR ya robo tatu na vipande vimebaki stoo.

Fundi_Presha
Ile PPR unayoiita robo tatu ni milimita 25 kwa nje. Kama ni PN20, yaani daraja lake la presha, ukuta wake ni milimita 4.2, kwa hiyo tundu linabaki milimita 16.6. Siyo robo tatu ya mpira, ambayo ina 19 ndani. Kwa lita 20 kwa dakika, mita 10 za PPR hiyo zinakula kama mita 1.7, karibu mara mbili ya mpira. Ukitaka PPR panda hadi ya milimita 32, au tumia PVC ya inchi moja.

Mwani_Tanga
Na zile adapta za PPR zenye uzi wa skrubu, angalia ndani: kuna ringi ya shaba iliyopakwa nikeli. Hiyo nikeli haikai milele. Koki za mafundi wetu nazo nyingi ni za shaba. Nunua koki ya plastiki na yunioni ya plastiki. Mabati na zinki usiguse kabisa.

Mvuvi_wa_Mji
Mie niko Mombasa, Nyali. Ndugu yangu, wampa mwenzio mzigo mkubwa wa bure. Lita 80 kwa wiki mbili! Hiyo lita 20 kwa dakika ni ya nini? Ataka kuzima moto?

Chukua pampu ya diaframu, isukumayo kwa kiwambo cha mpira, ya volti 12, kama zile za mashua na za kupulizia dawa mashambani. Zajinyonyea maji zenyewe, hazihitaji kujazwa kwanza. Nyingi zazima zikifika kama bar 2.4, na bar moja ni mita 10 za maji, kwa hiyo kwako wewe yapanda kwa madaha. Yangu yatoa kama lita 10 kwa dakika. Lita 80 ni dakika nane. Stima ikipotea naunganisha betri ya gari, maji yaenda tu.

Fundi_Presha
Diaframu ina kelele na haikuwekwa duniani kufanya kazi saa 24.

Mvuvi_wa_Mji
Nani kasema saa 24? Dakika nane, fundi.

Fundi_Presha
Haya, kwa kubadilisha maji tu nakubali inatosha. Na tukishuka hadi lita 10 kwa dakika hesabu ya bomba inabadilika sana: ukipunguza mwendo nusu, msuguano unashuka hadi kama robo. Ule mpira wa nusu inchi uliokuwa unakula mita 6.7 sasa unakula kama 1.9. Jumla mita 6.4, yaani bar 0.64. Diaframu haitoi hata jasho.

Mimi bado ningechukua ya sumaku, kwa sababu watu wa samaki huwa hawaishii hapo. Mwaka kesho mwenye uzi atataka sampu, lile tangi la pembeni la kuchujia maji, chini na maji yazunguke muda wote.

Mwani_Tanga
Kwa hizo za kupulizia dawa nina neno moja, tafadhali lisipitwe. Inunuliwe MPYA. Usichukue iliyowahi kushika dawa ya shamba, hata iwe imeoshwa mara ngapi. Viuadudu vingi vinaua kamba na samaki kwa kiasi kidogo mno, na diaframu ni mpira, unanyonya harufu na dawa. Angalia pia viunganishi vyake viwe plastiki.

Bwana_Texas
Wakuu, niko Texas, nafuga pia. Huku kuna pampu za sumaku nzuri sana, nyingine zinapanda mita 6 hadi 9. Kolekole, kuna mtu wangu anakuja Dar mwezi ujao, naweza kumpa moja. Ni ya volti 115, utaweka transfoma tu.

Fundi_Presha
Nia njema mkuu, ila transfoma inabadilisha volti, haibadilishi mizunguko. Huko kwenu ni hezi 60, hapa 50. Pampu ya sumaku inafuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo hapa itazunguka kwa asilimia 83 ya kasi yake. Maji yanashuka kwa kiwango hichohicho, lakini hedi inashuka zaidi, inabaki kama asilimia 69. Pampu ya mita 6 ya huko, huku ni mita 4 na kidogo. Kwake haifiki. Na mchoro wa kwenye boksi utamdanganya.

Bwana_Texas
Hilo silo nililotarajia kusikia lakini ahsante. Basi za DC zenye adapta yake hazina shida hiyo, adapta nyingi zinakubali 100 hadi 240.

Fundi_Presha
Hizo sawa. Soma hedi yake tu.

Matrah_Samaki
Salaam kutoka Muscat. Nimeona mmetaja sampu ya chini na tangi la juu. Mimi ninao mpango huo, pampu inanyanyua maji saa 24, na nataka mwenye uzi ajue anakokwenda kabla hajashawishika.

Kunyanyua lita 3000 kwa saa, hedi ya mita 4.5, kazi yenyewe ya maji ni wati 38 tu. Lakini pampu ndogo hizi zinapoteza nguvu nyingi, ukipata robo umebahatika. Kwa hiyo ukutani zinatoka wati 150. Kwa siku uniti 3.6, kwa mwezi uniti 108, pampu tu, bila taa. Na zile wati zinazopotea sehemu kubwa inaishia kwenye maji kama joto. Huku kwetu joto ndilo adui wa kwanza, na Dar mwezi wa pili sidhani kama mnatetemeka. Matumbawe yakikaa juu ya nyuzi 30 yanaanza kupauka. Ukiweka sampu juu, chini ya tangi lenyewe, unanyanyua maji mita moja na nusu tu, na pampu ya kawaida ya samaki inatosha. Hiyo ya chini iwe ya kubadilishia maji basi.

Kolekole_Mbezi
Uniti 108! Hapana, LUKU yangu inalia tayari. Sampu inabaki juu. Nimeelewa, chini kwa kubadilisha maji tu.

Swali: umeme ukikatika pampu ikiwa inafanya kazi, nini kinatokea?

Fundi_Presha
Swali zuri, na huku kwetu siyo la nadharia. Ukiwa umezamisha mdomo wa bomba ndani ya tangi la juu, umeme ukikatika maji yanarudi chini yenyewe, kama unavyonyonya petroli kwa mpira. Yataendelea kushuka mpaka mdomo wa bomba ubaki hewani. Kama umeuzamisha hadi chini ya tangi, samaki wanabaki juu ya mchanga na simtanki linafurika.

Dawa ni rahisi: mdomo wa bomba ubaki JUU ya uso wa maji, umwagie kutoka hewani. Ukitaka uzame kwa sababu ya kelele, toboa kitundu karibu na uso wa maji ili kiingize hewa mara maji yanapoanza kurudi. Chekivalvu, ile ya kupitisha maji upande mmoja tu, usiitegemee peke yake. Chumvi na magamba yanaganda kwenye mlango wake, siku unayoihitaji haifungi. Diaframu nayo ina vimlango vya ndani, usivihesabu.

Upande wa pili wa jambo hilo: usiwashe pampu halafu ukaenda kuangalia mpira. Ikijaza kupita kiasi, lita 80 za maji ya bahari kwenye dari la jirani wa chini, au dari lako mwenyewe, ni kesi nyingine.

Jodari255
Umeme na maji ya chumvi, na ya kuzamisha ya volti 230. Mimi hapo naogopa.

Fundi_Presha
Ogopa kabisa. Weka RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30 kwenye laini hiyo, na waya ulegee ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni yasiingie kwenye plagi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko ya bomba. Hapo Mvuvi na volti 12 zake kashinda, nakiri.

Mvuvi_wa_Mji
Ashukuriwe Mola, fundi kakiri 😂

Mwani_Tanga
Jambo ambalo halijasemwa: ukimaliza kupandisha, maji yasibaki kwenye bomba. Yale ya bahari yana vijidudu vingi hai. Yakifungiwa gizani wiki mbili, hewa inaisha, vinakufa, na siku ya kuwasha tena vinavyotoka vya kwanza vinanuka mayai viza na vinaingia moja kwa moja kwa samaki. Fungua kiunganishi cha chini, bomba lijimwage. Kisha pitisha ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi kwenye pampu. Na kabla ya kupandisha safari ijayo, lita mbili za mwanzo zimwage pembeni.

Simtanki nalo liwe na kifuniko kinachozuia mwanga, na pampu ndogo ya hewa ndani. Na masika hii, msichote karibu na midomo ya mito, iwe Msimbazi au Mpiji. Mvua ikinyesha chumvi inapungua na taka zinaletwa na mto. Chota maji yakijaa, tena ukiwa mbali na mdomo wa mto, na upime uzito wa maji ufike 1.025 kabla ya kupakia kwenye pikapu.

Chewa_Kunduchi
Naingilia kidogo. Matumbawe unaweza kuchukua pale Mbudya au Bongoyo? Niko karibu.

Mwani_Tanga
Hapana. Visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari, usichukue hata jiwe. Anzisha uzi wako tukuelekeze, huu ni wa pampu.

Kolekole_Mbezi
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimechukua diaframu mpya ya volti 12, nimeifunga kwenye kibao nyuma ya nyumba chini ya kimvuli ili mota isirushiwe chumvi. Mpira ni wa robo tatu upande wa kunyonya na nusu inchi kupanda, kwa sababu ndio uliokuwepo. Juu unamwagia hewani, sentimita kama 10 juu ya maji. Nimepima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: lita 9 kwa dakika. Kwangu inatosha sana.

Ila kuna kitu: inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama inasita. Adapta nimeweka ya ampea nyingi kuliko za pampu.

Mvuvi_wa_Mji
Swichi yake ya presha yakata. Yaona bar imepanda, yazima, ikishuka yawasha. Mwisho wa mpira umeweka nini?

Kolekole_Mbezi
Koki ndogo ya plastiki, ya kufungia tukimaliza.

Fundi_Presha
Ndiyo hiyo. Hizo koki ndogo tundu lake halifiki hata milimita 8, pampu inahisi umefunga mlango. Weka ya tundu zima au itoe. Na ukiwa unaitoa angalia kichujio cha upande wa kunyonya, ila chenyewe usikitoe kamwe, mchanga ukiingia kwenye vile vimlango vya ndani pampu inanguruma bila kusukuma.

Kolekole_Mbezi
Nimeitoa. Imetulia, na ndoo imejaa kwa dakika mbili kasoro kidogo.